Siku ya Kliniki Baba Hana Ugonjwa

Baba yangu huumwa mwezi mzima isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo anayoonana na daktari.

Siku nyingine zote anayemwona ni mimi. Karakana yangu ya friji iko uani kwake, chini ya bati nililoezeka mwenyewe, na hapo nilipo naona mlango wa jikoni, mlango wa bafu na kibaraza chote. Namwona akitoka bafuni ameegemeza kiganja ukutani, anasimama, anajifanya anakagua rangi. Namwona jioni akivua soksi, na alama ya soksi inabaki mguuni imechimbika kama mtaro. Siku hizi halali kitandani, analala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, na ukimuuliza atakwambia alikuwa anasikiliza redio. Redio yenyewe haina betri tangu nizichukue mimi kwa ajili ya tochi. Nikimwambia, "Baba, vipi?" ananijibu, "Vipi nini?"

Ili umwelewe huyu mzee, lazima ujue kazi aliyoifanya. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, na watoto walimpa jina la Kengele kwa sababu hakuachana na kengele yake ya mkono hata akienda msalani. Katika dunia hii Kengele aliogopa kitu kimoja tu: mkaguzi wa elimu. Bahati nzuri wakaguzi wa enzi hizo walikuwa waungwana, walitoa taarifa kabla ya kuja. Taarifa ikifika, shule inageuka. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Vitabu vinaazimwa shule ya jirani, vinapangwa kabatini, na mkaguzi akishaondoka vinarudishwa kwa baiskeli. Na wale wanafunzi wazito wa kusoma wanatumwa kuchota mchanga mbali kabisa, ambako hata sauti zao hazitafika darasani.

Haya sikuhadithiwa. Ndoo ya mchanga niliibeba mimi. Kaka Mkubwa na Dada walikaa dawati la mbele, wakaulizwa maswali, wakajibu kama kasuku. Mimi nilirudi jioni na mchanga wangu nikakuta mkaguzi ameshakunywa soda na kuondoka.

"Mkaguzi huona anachoonyeshwa," Baba alikuwa akiwaambia walimu wake. Shule ikapata sifa mwaka hadi mwaka, na paa likaendelea kuvuja mwaka hadi mwaka.

Sasa amestaafu, hana shule tena. Amebaki na mwili, na mwili huo anauendesha vilevile.

Daktari alimwandikia vidonge vya presha na vya kutoa maji mwilini, ameze kila asubuhi. Baba anavitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kuliweka juu ya kabati. Wiki ya kliniki ikifika, kopo linashuka. Anameza kwa uaminifu mkubwa. Chumvi anaikataa kama mtu aliyeokoka jana. Anakaa kitini mchana kutwa, miguu juu ya kiti cha pili, mpaka ipungue iweze kuingia kwenye viatu vyeusi vya ngozi. Ananyoa. Anavaa koti. Asubuhi ya siku yenyewe anajitazama kwenye kioo, anakohoa mara ya mwisho, basi, kikohozi kimekatazwa mpaka tutakaporudi.

Na yeye ndiye aliyetuandikia ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Alitutaka tuieleze maana yake kwa mfano. Mfano sasa ninao.

Hospitalini anapokewa kama waziri. Mlinzi wa getini alisoma kwake, mwenye dirisha la malipo alisoma kwake, na kwenye benchi la kusubiri hakosekani mtu wa kusimama na kusema, "Shikamoo, mwalimu!" Baba anaitikia marahaba kwa sauti ya paredi, kisha anaanza kupanga foleni. Wewe sogea huku. Mama mwenye mtoto mchanga apite mbele. Nani anakula miwa humu ndani? Wagonjwa wanamtii kwa sababu ndiye mtu pekee pale anayeonekana mzima.

Kuhusu mimi, ananitambulisha kwa heshima zote. "Huyu ni wa tatu," anasema. "Mkubwa wao ni mhandisi, yuko ng'ambo." Friji hazitajwi.

Huyo mhandisi ndiye mwenyekiti wa kundi letu la simu, linaloitwa Afya ya Baba. Dada anakaa mji mwingine, yeye ni mshauri wa lishe kwa kujiteua. Mimi nimepewa utekelezaji, kwa hoja kwamba sina bosi, kwa hiyo nina muda. Wateja wangu sita, ambao nyama zao zinaoza, si mabosi. Kila tukitoka kliniki natuma taarifa kwamba Baba anamdanganya daktari. Kaka Mkubwa anampigia Baba. Baba anamwambia, "Sijambo kabisa, mwanangu, hata daktari kashangaa." Kisha Kaka Mkubwa ananirudia mimi: "Mbona unapenda kututia hofu?" Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu.

Kliniki iliyonimaliza nguvu ni hii ninayotaka kuisimulia.

Daktari wetu ni dada mmoja kijana, mchangamfu, mwenye macho ya mtu ambaye hajala mchana. Baba aliingia, akavua kofia, akaketi wima, mikono magotini.

"Shikamoo, Mzee. Unaendeleaje?"

"Marahaba, daktari. Sijambo kabisa. Nakuletea shukrani tu."

"Vidonge unameza?"

"Bila kukosa."

"Miguu haivimbi?"

Baba akaunyoosha mguu mmoja mbele, kiatu kinang'aa. "Jionee mwenyewe."

Nikasema, "Daktari, kusema kweli huko nyumbani..." Baba akanigeukia. Nina watoto mimi, nina mvi kichwani, lakini jicho lile linanijua tangu nikiwa na ndoo. Nikaishia hapo. Daktari akamfunga kitambaa cha mashine mkononi, mashine ikanguruma, ikatulia.

"Mzee! Presha ya kijana hii!" Akanitazama mimi, akicheka. "Na nyinyi watoto muache kuwatia wazee hofu." Akaandika. Vidonge vipunguzwe nusu. Kliniki nyingine, baada ya miezi sita.

Nusu ya vidonge ambavyo hamezi, na nusu mwaka bila mtu wa kumtazama ila mimi. Baba alitoka pale anapepea. "Miezi sita!" akaniambia getini. "Hiyo hupewi bila kufaulu."

Nilijua kinachomwendesha; nakisema nisije nikaonekana namcheka tu. Mama aliingia hospitali hiyohiyo akitembea kwa miguu yake. Wakasema wamlaze kidogo, wamwangalie. Baba akarudi nyumbani kumchukulia kanga na kandambili, na aliporudi navyo havikuwa na kazi tena. Tangu hapo, kwa Baba, kitanda cha hospitali ni kitanda cha kwenda bila kurudi. Yeye anaogopa kitanda hicho. Mimi naogopa bafu. Kila asubuhi nikisikia maji yamekatika ghafla naacha bisibisi hewani, nasikiliza, na sipumui mpaka nimsikie akigomba na bomba.

Haikupita muda, nikasikia ndoo ikianguka.

Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, taulo limemkaa upande, uso umekuwa wa kijivu. "Nilikuwa natafuta sabuni," akasema. Sabuni alikuwa ameishika mkononi.

Nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi juu na mzito miguuni. Nilituma taarifa kwenye kundi. Kaka Mkubwa akatuma makala ndefu kuhusu mikeka isiyoteleza. Dada akasema tumpe juisi ya viazisukari vyekundu, asubuhi kabla hajala. Nilizima simu, nikakaa juu ya friji mbovu, nikafikiri.

Kuna wateja huja kwangu na friji isiyogandisha. Wanaibeba kwa mkokoteni, wanaifikisha uani, naichomeka, nayo inatoa barafu mchana kweupe mbele ya mwenyewe. Mteja anaapa kwamba kwake haigandishi. Nimejifunza kutobishana. Namwambia arudi nayo, halafu siku asiyonitarajia nampitia nyumbani.

Nikakumbuka pia kwamba katika utumishi wake wote Kengele alifeli mara moja. Alikuja mkaguzi mmoja mpya, mama mfupi mwenye pikipiki, hakutoa taarifa wala salamu. Alimkuta mwalimu mkuu ana fulana ya ndani, anakimbiza mbuzi aliyeingia ofisini. Hadithi hiyo nyumbani kwetu haisimuliwi. Ina jina tu: ukaguzi wa kushtukiza.

Jioni ile nikamfuata kibarazani. "Baba, mimi siko sawa. Kesho asubuhi nataka nimwone daktari. Naomba unisindikize."

Akaweka kikombe chini. "Unaumwa nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

Hakuuliza tena. Asubuhi nilimkuta ameshaamka, amekaa kwenye ngazi ananingoja, shati limefungwa vifungo kombo, ndevu hazijanyolewa. Viatu vilikataa kumwingia, kwa hiyo alivaa kandambili. Mkononi alikuwa na chupa ya maji, na maji hayo alinichukulia mimi.

"Umekunywa chai?" akaniuliza. Tangu nioe sijawahi kuulizwa swali hilo na mwanamume yule.

Hospitalini mlinzi akapaza sauti, "Shikamoo, mwalimu!" Baba akaitikia marahaba bila kusimama. Kwenye benchi hakupanga foleni. Mama mmoja alitafuna muwa mbele ya macho yake na hakusema neno. Alikaa ameshika kiwiko changu, kila mlango ukifunguliwa ananyanyuka nusu, na kila akinyanyuka anahema. Alimwambia mzee wa pembeni, "Huyu ni mwanangu. Ni fundi wa friji, mzuri sana. Huyu hajawahi kuumwa." Nilitazama sakafu. Uongo wangu ulianza kuniwasha kama nguo mpya isiyofuliwa, lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Daktari alipotuona alishangaa. "Mzee, si tuliagana juzi tu?"

"Mimi sijaja," Baba akasema. "Mgonjwa ni huyu."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: tukishaingia, nimnong'oneze daktari amtazame mzee jinsi alivyo, bila koti, bila viatu, bila maandalizi. Lakini Baba alivuta kiti akakiweka ubavuni mwangu, goti kwa goti. Hapakuwa na pa kunong'oneza.

"Haya kaka, unasumbuliwa na nini?"

Kichwa kikawa cheupe. Mimi siumwi. Ugonjwa ninaoujua vizuri ni mmoja tu, ule ninaoutazama kila siku kutoka karakanani. Nikaanza kuutaja.

"Nashikwa na kizunguzungu. Bafuni hasa. Mpaka nishike ukuta."

"Enhe."

"Jioni miguu inavimba, soksi zinaniachia alama. Nikilala chali nakosa pumzi. Nakohoa. Siku hizi... siku hizi nalala nimekaa kitini."

Daktari aliinama akatazama miguu yangu. Ni mikavu, ya mtu anayeshinda amechuchumaa nyuma ya mafriji. Akakunja uso. Alikuwa karibu kuniuliza swali, na swali hilo lingenifikisha pabaya, ila Baba alisimama.

Alisimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya paredi, isipokuwa safari hii alishika meza.

"Daktari, acha kumuuliza huyo. Niulize mimi. Ugonjwa huo ni wangu."

"Mzee, hebu kaa..."

"Ni wangu. Mimi ndiye ninayeshika ukuta. Mimi ndiye ninayelala kitini, huu ni mwezi wa ngapi sijui. Nilianguka bafuni, nikamwambia huyu natafuta sabuni. Vidonge vyako nameza wiki ya kliniki peke yake, vilivyobaki vimo kwenye kopo, nitakuletea uvione. Nimekudanganya, daktari, nilikuwa nakuonyesha mawe yaliyopakwa chokaa." Alihema. "Sikujua kama kitu hiki kinarithiwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, kakitoa kwangu. Basi yaandike yote, yangu yote, usiache hata moja, ili huyu umtibu sawasawa. Wenzake wako mbali. Huyu ndiye niliye naye."

Kwa ajili yake mwenyewe mzee huyu angekufa amevaa koti, amesimama wima, hajambo kabisa. Kwa ajili yangu alitapika kila kitu katika dakika moja. Nililia, na sioni haya kulisema.

Daktari aliweka kalamu. Hakuwa anacheka. Alizunguka meza, akamkalisha, akachuchumaa, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kandambili. Akatoa kidole. Shimo likabaki. Sote watatu tulilitazama lile shimo, na halikuwa na haraka ya kujaa. Akampima presha mkono huu, kisha mkono ule, kisha akaweka kile kipimo chake mgongoni na kusikiliza kwa muda mrefu. Hapakuwa na habari za presha ya kijana.

"Na huyu?" Baba akauliza. "Yake ikoje?"

Daktari akanipima. "Huyu ni mzima, Mzee."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Nilijiandaa kupigiwa kelele. Kwanza Baba alifumba macho, akasema, "Ashukuriwe Mungu," na mabega yakamshuka. Halafu akayafumbua, akanitazama, akatazama kandambili zake, akatazama vifungo vyake vilivyofungwa kombo. Mwalimu ni mwalimu.

"Ukaguzi wa kushtukiza," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Hata hukunipa nafasi ya kunyoa."

Daktari akatuambia kwamba moyo umechoka, maji yanajaa mwilini, na lau tungengoja ile miezi sita pasingekuwa na mtu wa kupimwa. Kisha akasema maneno niliyokuwa nikiyaogopa: "Tutakulaza kidogo, Mzee, tukuangalie."

Mkono wa Baba ukatafuta wangu chini ya meza. "Mama yao mlimwambia hivyohivyo," akasema polepole.

"Sitarudi nyumbani kuchukua kitu, Baba," nikamwambia. "Nitakaa hapa." Nikatuma mtu aniletee nguo za Baba, na wateja wangu wakaendelea kuozewa.

Kundini niliandika kwamba amelazwa. Kaka Mkubwa akajibu papo hapo: "Mbona hukutuambia mapema?" Niliirudisha simu mfukoni.

Usiku ule nililala benchini nje ya wodi. Asubuhi nilipoingia nilisimama mlangoni. Kengele alikuwa kazini. Vitanda vyote vya upande wake vilikuwa vimetandikwa, shuka zimenyooshwa, kandambili zimepangwa mstari mmoja. Wagonjwa wanaume wazima walikuwa wamekaa wima, nywele zimechanwa kwa chanuo moja lililokuwa likizunguka. Jirani yake wa kitanda, dereva wa lori mnene aliyekatazwa chumvi, aliamriwa afiche mfuko wake wa karanga za chumvi chini ya mto.

"Daktari bingwa anapita sasa hivi," Baba alikuwa akiwaambia kwa sauti ya chini, anavuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Akiuliza, jibu liwe moja, la kueleweka. Ukijibu vizuri unatoka."

Akaniona. "Nifunge kifungo cha juu," akasema. Nikamfunga. Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilisimama miguuni pa kitanda na ile chupa ya maji, nikajiambia basi, imekwisha, atatuzika sote kwa hiyo "sijambo" yake.

Msafara ukaingia: daktari bingwa mbele, daktari wetu nyuma yake, wauguzi na mafaili. Kitanda cha kwanza: "Sijambo, daktari." Cha pili: "Sijambo kabisa." Dereva wa lori: "Sijambo, nakushukuru." Daktari bingwa akaanza kupendezwa na wodi yake.

"Na wewe, Mzee? Umeamkaje?"

Baba alinyoosha mgongo. Niliona neno limeshafika mdomoni, midomo imeshajiweka tayari kulitoa. Wodi nzima ilikuwa inamsikiliza mwalimu wao. Akanitazama. Alinitazama kwa muda, mimi na chupa yangu.

Kisha akainua mkono, akafungua kile kifungo cha juu.

"Sikulala," akasema. "Kifua kilinibana mpaka alfajiri. Na ninaogopa."

Daktari bingwa akavuta kiti, akaketi karibu naye. Kwenye kitanda cha jirani, dereva wa lori akakohoa, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karanga.